Alama ya Penseli Nyekundu

Jumatatu, saa nane mchana

Mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa inanguruma upande wa mbele, na ndiyo maana waliitwa saa hiyo. Ukizungumza chumba cha nyuma, hata aliyekaa magotini pako anakusikia kwa shida. Vumbi la pumba lilijaa kila mahali. Watu watano, kiti kimoja.

Aliyekaa kwenye kiti aliitwa Melkiori. Mchana wote alikuwa msimamizi wa mashine hiyo pale Viwanja Sitini, mtu wa kofia safi na kalamu mfukoni. Kabla ya hapo alikuwa nyapara wa shamba la mkonge upande wa Kilosa. Walimfukuza huko, na siku anaondoka aliiba kitu ambacho mwizi mwingine yeyote asingekigusa: bunda la vipande vitupu, zile kadi za kazi zenye vyumba thelathini, kila chumba siku moja ya kukata mkonge.

Wengine wanne waliingia mmoja mmoja, wakatoa shikamoo, wakaitikiwa marahaba bila kuangaliwa usoni.

Viktor, mwenye gobore, bega kama gunia. Teofili, fundi wa vyuma, mpole mno kwa kazi ile. Fridolin, mvuvi, mwenye mtumbwi, ambaye alikuwa amemwoa Balbina, dada yake Teofili. Na Donati. Huyu hakubeba silaha wala mzigo. Alibeba penseli nyekundu sikioni na mkoba wa turubai begani. Mkoba ule hakuuvua hata akienda kuoga mtoni, aliuning'iniza kwenye tete mbele ya macho yake. Watu walimcheka kwa hilo, ila wakiwa mbali naye.

Melkiori akatandika karatasi mezani, akaiwekea jiwe la mizani juu isipeperuke.

Mpango ulikuwa huu. Kesho asubuhi lori la Bwana Nyama, ofisa wa wanyama wa serikali, linashuka kutoka Mahenge na pembe ishirini na nne za tembo. Saa tatu litakuwa juu ya pantoni pale Kivukoni, katikati ya mto, askari wa wanyama wawili, bunduki moja, dereva mmoja. Waya wa pantoni utakuwa umekatwa kwa tupa hadi kubaki uzi. Utakatika. Maji yatabeba pantoni, lori na kila kitu hadi kwenye pinde la matete, pale mto unapojikunja, mahali ambapo kutoka ukingoni huoni kitu. Hapo mitumbwi miwili inasubiri. Pembe kumi na mbili huku, kumi na mbili huku. Mkuu wa kivuko ana baiskeli, atakimbilia boma. Mpaka polisi wafike kwenye pinde ni saa moja na robo, Melkiori alikwenda mwenyewe mara tatu akipima kwa saa yake. Nusu saa ya kupakia. Saa tatu na nusu mitumbwi iwe imeondoka, na saa tisa pembe ziwe zimeingia humu ndani, kwenye magunia ya pumba.

Mpango mzuri. Niseme ukweli, sijasikia mzuri zaidi ya huo bonde zima. Ila Melkiori hakuwa anapenda mpango. Alipenda kudhibiti.

Aliwaambia, kama alivyowaambia kabla ya kila kazi, juu ya shamba la mkonge. Watu elfu tatu, mzungu mmoja amelala barazani na pombe yake, na kazi inakwenda. Kwa nini inakwenda? Kwa sababu kila mtu ana ngwe yake, sehemu yake ya kukata, ngwe ina kipimo, na kuna jicho linalopita kuona kama kipimo kimefikiwa. Kikifikiwa, alama. Kisipofikiwa, hakuna alama, na hiyo siku umeifanya bure. Watu hawahitaji kupigwa, alisema. Wanahitaji kupimwa.

Kwa hiyo kila mmoja wao alikuwa na kipande chake. Kwa kuwa wengine hawakujua kusoma, majina hayakuandikwa, zilichorwa picha: cha Viktor jogoo, cha Teofili jembe, cha Fridolin samaki. Siku za kazi vipande vilikaa na Donati, mfuko wa shati. Kila hatua ya kazi Donati alipita, akatazama, akatia alama mbele ya macho yako. Na sheria ilikuwa moja, mtoto mdogo angeikariri: hakuna anayekwenda hatua inayofuata bila alama.

"Kesho alama ni nne," Melkiori alisema. "Ya kwanza waya na gobore. Ya pili mitumbwi iwe mahali pake. Ya tatu mzigo uwe ndani. Hizo tatu ni za Donati. Ya nne naitia mimi, hapa, mzigo ukiingia."

Fridolin akapiga hesabu kichwani. Alikuwa na alama ishirini na sita. Nne zaidi ni thelathini.

Na thelathini ilikuwa na maana. Miaka mitatu nyuma, mwaka hamsini na tatu, Fridolin alikuwa anamvusha askari wa wanyama, kiboko akaupiga mtumbwi, ukapinduka. Fridolin aliogelea. Askari alikuwa na buti na koti, akazama. Fridolin asingeweza kwenda boma kueleza, chini ya matete ya mtumbwi ule kulikuwa na nyama ya kuiba. Akanyamaza. Melkiori ndiye aliyekuwa ameinunua ile nyama, kwa hiyo Melkiori ndiye aliyejua. Akamwita humu humu, akaandika. Fridolin aliona karatasi mbili zimelaliana na katikati yao karatasi nyeusi kama masizi. Akaambiwa weka kidole. Akaweka. Akaambiwa hakikutoka vizuri, weka tena. Akaweka tena. Chini akachorewa samaki. Maneno yalisema kwamba amemzamisha askari wa serikali makusudi, na hilo ni kitanzi, hakuna mjadala.

Kila mmoja alikuwa na karatasi ya namna hiyo. Zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya meza, ufunguo shingoni kwa Melkiori. Ukijaza kipande, unapewa karatasi yako, unakwenda zako. Hiyo ndiyo ahadi.

Hakuna aliyewahi kujaza. Mwaka jana Fridolin alifika ishirini na nane, akachelewa siku moja kwa sababu mwanawe alikuwa na homa, akafutiwa tisa. Palepale. Donati alifuta kwa utaratibu, akapuliza vumbi la ufutio. Na kulikuwa na Marselino, ambaye aliondoka kwenye kazi moja kabla ya alama kwa sababu aliona mvua inakuja. Kesho yake karatasi yake ilikuwa imefika boma. Marselino mpaka leo yuko gerezani, na mke wake ameolewa na mtu mwingine.

Melkiori alipoinuka kufunga dirisha, daftari lake lilisogea. Chini yake kulikuwa na vipande vipya vitatu, vyumba vyote vitupu. Jogoo. Jembe. Samaki.

Wino wa yule samaki ulikuwa umeshakauka.

Fridolin akainamisha kichwa haraka. Kumbe hakuna cha thelathini. Kuna thelathini nyingine, halafu thelathini nyingine, mpaka afe. Alimwangalia Melkiori akirudi kwenye kiti, akipangusa kofia yake kwa kiwiko, na akamchukia kwa namna ambayo hajawahi kumchukia mtu. Mtu anakushika koo miaka mitatu, na bado anakuchorea samaki kwa uangalifu, mpaka na magamba.

"Kuna swali?" Melkiori aliuliza.

Wakatoka mmoja mmoja, kama walivyoingia.

Jumatatu, saa kumi alasiri

Fridolin na Teofili walirudi pamoja kwa miguu. Wakafika nyumba za mwisho. Fridolin hakutaka kusema kitu, lakini yule alikuwa kaka wa mke wake, amekula naye sahani moja.

"Shemeji," alisema, "kesho ukiona nimechelewa na Donati, usisubiri. Piga kafi uende."

Teofili alisimama. Akamwuliza kama anaumwa. Akamkumbusha Marselino. Akasema anaogopa polisi, ndiyo, lakini polisi lazima kwanza wamkamate. Ile karatasi imeshamkamata tayari. Halafu akacheka kidogo, akasema Donati hajawahi kuchelewa tangu azaliwe, na Fridolin ndiye anayemwendesha, basi atachelewaje?

Fridolin akaendelea kutembea. Hapo ndipo alipomwuza, kama unataka kujua saa. Alikuwa na maneno mdomoni na akayameza.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Fridolin aliendesha mtumbwi mdogo kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, Donati amekaa mbele, mkoba mapajani. Huo ndio ulikuwa utaratibu siku zote. Donati hakujua kuogelea wala kupiga kafi. Bila mvuvi jicho la Melkiori lisingefika popote. Melkiori alipima kila kitu isipokuwa hilo.

Walipita kwanza kwenye waya. Teofili alikuwa amejibanza chini ya nguzo ya ukingo, mikono imejaa vumbi la chuma. Donati akaushika waya, akapitisha ukucha kwenye mkato, akahesabu nyuzi zilizobaki. Alama. Viktor alikuwa mbele kidogo, gobore limefungwa kwenye mkeka. Donati akalifungua, akanusa baruti. Alama. Akamtilia Fridolin yake pia, kwa kumfikisha kwa wakati.

Saa mbili kamili walikuwa kwenye pinde la matete. Mitumbwi mikubwa miwili, Viktor mmoja, Teofili mwingine, imefichwa vizuri kiasi kwamba ndege walikuwa wanatua juu yake. Donati akaagiza ule wa Teofili usogezwe hatua mbili. Ukasogezwa. Alama ya pili, wote watatu.

"Nitarudi saa tatu na dakika ishirini na tano," Donati aliwaambia. "Mzigo uwe ndani. Asiondoke mtu."

Teofili alimtazama Fridolin. Fridolin akatazama maji.

Saa mbili na nusu

Kati ya pinde na Kivukoni, ambako Donati alikuwa anakwenda kuliona lori, kuna kisiwa kidogo, na juu yake banda la kukaushia samaki. Wanawake huja kuwasha moto baada ya saa nne. Fridolin alisema mtumbwi unaingiza maji, lazima ashuke kuuziba. Donati alitazama saa yake, akasema dakika kumi.

Ilimchukua tatu. Alimpiga kwa mwisho wa pondo nyuma ya sikio, si kwa nguvu ya kuua. Akamburuta bandani, akamfunga kwa kamba ya nyavu, miguu, mikono, kitambaa mdomoni. Fundo alilolifunga maisha yake yote ilibidi alirudie mara mbili.

Kutoka mfuko wa shati akachukua vipande vitatu. Kutoka sikioni, penseli nyekundu. Hiyo ndiyo aliyoitaka kuliko vyote, kwa sababu Melkiori alikuwa na sheria nyingine: anayekuja na penseli ya Donati anasema kwa mdomo wa Donati.

Donati alifumbua macho. Kichwa chake kilikuwa juu ya mawe ya jiko. Fridolin akamwonea huruma, hata hivyo. Akauvuta ule mkoba wa turubai, akaukunja mara mbili, akamlaza kichwa juu yake. Ulikuwa mwepesi, na ndani mlikwaruza kama majani makavu. Hakuufungua. Angefungua kwa nini? Hakuwa amekuja kuiba mkoba.

Akajaza alama ya tatu kwenye kila kipande. Alibonyeza kwa nguvu, na mkia wa alama akaupinda kulia. Miaka mitatu alikuwa ametazama mkono ule ukiandika.

Saa tatu kamili

Waya ulikatika kwa mlio mmoja mkali. Wavuta pantoni walianguka kifudifudi. Lori, pembe, askari wawili na dereva wakaanza kuteremka na maji polepole, na mkuu wa kivuko akabaki ukingoni ameshika kichwa, halafu akakumbuka baiskeli yake.

Saa tatu na dakika nane pantoni iligota matete. Viktor alikuwa juu kabla haijatulia. Askari mwenye bunduki alikuwa kijana, hajawahi kuelekezewa gobore usoni, akaitupa bunduki majini mwenyewe. Mwenzake, mzee wa kipara, alinyoosha mikono nyuma afungwe bila kuambiwa. Dereva alikuwa analia. Kazi ilikwenda kama maji.

Saa tatu na dakika ishirini na nne pembe ya mwisho ilikuwa ndani. Teofili alikuwa analowa jasho na anacheka. Dakika moja mbele ya kipimo.

Wakakaa kwenye mitumbwi. Wakasubiri.

Saa tatu na nusu. Hakuna Donati.

Saa tatu na dakika arobaini. Kengele ya kanisa ililia mbali sana. Viboko walitoa pua, wakazama.

Yule askari mzee aliwatazama muda mrefu. Mwishowe hakuweza kuvumilia.

"Nyie vijana," alisema, "mnasubiri nini?"

"Alama," Viktor alimjibu.

Mzee alifikiri ametukanwa, akageukia mto.

Na mimi nakuuliza wewe, umewahi kusikia? Mto uko wazi mbele yao. Pembe ishirini na nne chini ya miguu yao. Nguvu wanazo, njia wanaijua. Jambazi gani anasubiri penseli? Lakini hawakuwa majambazi tena, hao. Melkiori alikuwa amewageuza vibarua.

Saa tatu na dakika hamsini Teofili alikumbuka maneno ya jana. Yakaingia mwilini kama homa. Ukiona nimechelewa. Shemeji alijua. Akamwambia Viktor waondoke, kuna jambo limeharibika, Donati haji.

Viktor akasema anakuja. Teofili akasema haji. Viktor akasema yeye alama zake ni ishirini na tano, hazitafutwa kwa sababu ya woga wa mtu. Teofili akashika kafi. Viktor akanyanyua gobore, akamwelekezea kifuani.

"Ukisogea bila alama nakupiga," alisema. "Wallahi, Teofili. Halafu namwambia Melkiori nimekuzuia, naye ananiongezea."

Teofili akabaki na kafi mkononi, juu ya magoti, hajaliingiza majini. Alikuwa anamtazama Viktor na anaelewa kwamba huyu hana ubaya naye hata kidogo. Angempiga risasi kama anavyofunga mlango.

Saa nne na robo waliisikia mashine ya landrova ng'ambo ya matete, halafu mbwa, halafu sauti za watu. Viktor aligeuka na gobore mkononi. Polisi wakampiga risasi mara mbili. Aliangukia kwenye pembe, na damu ikapita katikati ya pembe hizo ikaingia mtoni.

Teofili alikuwa bado hajasogea.

Saa nne na robo, Viwanja Sitini

Ile landrova ilikuwa imeshampita Fridolin njiani akiwa kwenye baiskeli, ikamrushia vumbi. Alisimama akaipisha, kofia mkononi. Kisha akaendelea mpaka kwenye miembe ya karibu na mashine, akajificha hapo akisubiri saa nne na robo, dakika iliyopangwa vipande virudishwe. Melkiori alikuwa na msemo wake kwamba kuwahi ni kosa sawa na kuchelewa, vyote vinaonyesha mtu anayefanya atakalo.

Aliingia saa nne na robo kamili. Mashine ilikuwa inanguruma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Donati?"

Fridolin akaweka vipande vitatu mezani na penseli nyekundu juu yake. Akasema Donati amebaki na mzigo, magunia mawili ya kufichia pembe yamepasuka, anataka yashonwe mbele ya macho yake. Hilo lilikuwa neno la Donati kabisa. Melkiori aliitikia kwa kichwa taratibu. Akachukua kipande cha kwanza, akakigeuza, akapitisha kidole gumba nyuma ya kadi, kwenye uvimbe wa alama. Cha pili. Cha tatu. Fridolin alikazia macho mkia wa alama, ule alioupinda kulia.

"Vizuri," Melkiori alisema. Uso wake ulilainika. Ilikuwa ndiyo furaha yake pekee duniani, hakuwa mlevi wala mtu wa wanawake. "Umeona, Fridolin? Mimi nimekaa hapa. Sijalowa hata mguu. Kazi imekwenda."

Na kwa kuwa sheria ilisema vipande vilivyorudi vifungiwe palepale, alivua ufunguo shingoni, akainama, akavuta sanduku la bati, akalifungua.

Fridolin akachukua jiwe la mizani. Ratili tano. Alimpiga mara moja juu ya kisogo, na kofia safi ikaviringika mpaka ukutani. Melkiori alianguka kwa ubavu, akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Alikuwa na fahamu. Alimtazama Fridolin akipekua karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta mtoto kwenye moto. Jogoo, akaitupa. Samaki. Hii hapa. Halafu akasita, akapekua tena. Jembe. Akaichukua na hiyo. Alijiambia kwamba hiyo ni malipo kwa Teofili. Bila karatasi hiyo, hata akikamatwa, kuiba pembe ni miaka, si kitanzi.

Pale chini Melkiori alikuwa anacheka. Damu ilikuwa inamwingia jichoni na anacheka.

"Chukua, mvuvi," alisema. "Chukua uende."

Fridolin alitaka kumpiga tena. Hakumpiga. Alivuta mlango nyuma yake, akawapita wanawake waliokuwa wanapepeta mchele mbele, akawasalimu hata, akapanda baiskeli.

Saa sita mchana

Balbina alikuwa amekaa juu ya kifurushi cha nguo kwenye gati la wavuvi, juu ya Kivukoni, kama walivyokubaliana. Mtoto wao alikuwa ametangulia Mahenge kwa bibi yake tangu Ijumaa. Mtumbwi ulikuwa tayari. Ng'ambo, halafu mlima, halafu watu wengine na majina mengine.

Fridolin alitupa baiskeli, akamkumbatia, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Akamwonyesha karatasi. Akasema basi, yamekwisha, wasomeane halafu wachome moto. Balbina alisoma kwa masista miaka minne. Fridolin mwenyewe hajawahi kujua hasa yale maneno yalivyoandikwa, na alitaka kuyasikia mara moja kabla hayajawa majivu.

Balbina hakuzichukua.

"Nimepita Kivukoni," alisema. "Nimemwona kaka. Wamemfunga na mnyororo wa mbwa. Viktor wamemfunika turubai."

Fridolin akasema anajua, akasema haikuwa na budi, akasema tazama, hii ni ya Teofili, nimeichukua, sasa hawana neno kubwa juu yake. Alisema maneno mengi mno. Balbina alimtazama mpaka akanyamaza.

"Askari walikuwa wanamcheka," alisema. "Wanasema wamemkuta amekaa na kafi mkononi. Nusu saa nzima. Wanamwuliza ulikuwa unasubiri nini, anasema, namsubiri shemeji yangu."

Ndipo akanyoosha mkono. Akasoma ya mume wake. Maandishi yalikuwa meusi, yamefifia, kama yamepita kwenye kitambaa. Alisoma yote kwa sauti moja, askari, mtumbwi, makusudi. Akafika chini ya samaki, kwenye mstari mdogo. Akasita. Akaisoma ya kaka yake, akaenda moja kwa moja chini.

"Zote zinamalizikia sawa," alisema. "Nakala ya pili. Ya kwanza, yenye kidole cha kwanza, anayo Donati."

Fridolin hakuelewa. Kisha akaelewa. Weka kidole. Hakikutoka vizuri, weka tena. Mkoba usiovuliwa. Majani makavu ndani yake. Aliushika kwa mikono yake yote miwili asubuhi ile, akaukunja, akamwekea mtu chini ya kichwa asiumie.

"Donati," alisema. "Yuko kisiwani. Bado nina muda, naweza—"

"Wanawake wa samaki wamemkuta. Wamempeleka kwa polisi." Balbina alizikunja zile karatasi vizuri, akamrudishia mfukoni mwa shati. "Nimemwona naye. Hawakumfunga. Alikuwa anamfungulia inspekta mkoba."

Akainama, akafungua kifurushi, akatoa khanga zake na ule mkate wa mchele aliouoka kwa safari. Vingine akaviacha. Fridolin akamwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda boma, kaka hajala tangu alfajiri. Fridolin akamshika mkono. Balbina akautoa mkono wake bila hasira, kama mtu anayejitoa kwenye mwiba, na akaondoka kwa njia ya ukingoni bila kugeuka.

Mtumbwi ulikuwa unagonga gati. Pondo lilikuwepo, kafi lilikuwepo, mto ulikuwa mtulivu na ng'ambo ilionekana vizuri, mpaka majani yake. Polisi walikuwa bado wanasoma. Fridolin akaingia mtumbwini, akakaa, akaweka kafi juu ya magoti.

Walipofika ilikuwa saa saba kasoro. Wawili, kwa miguu, hawakuwa na haraka. Yule mkubwa alisimama juu ya gati, akamtazama mvuvi aliyekaa kwenye mtumbwi ambao hata haujafungwa kamba.

"Wewe," alisema, "ulikuwa unasubiri nini?"